Kabla ya kulaumu dhoruba ya Jua, tazama saa

Jumapili ya Mei 12, 2024 intaneti ilizorota Tanzania nzima. Hapa Dodoma, waliokuwa na kazi za kumalizia kabla ya Jumatatu walibaki wakitazama kiduara kinazunguka kwenye skrini. Siku mbili kabla yake, usiku wa Ijumaa, Dunia ilikuwa imepigwa na dhoruba ya Jua ya daraja la juu kabisa, G5, ambayo haikuwa imeonekana tangu Oktoba 2003. Mambo mawili yamefuatana, na hesabu ya haraka ikafanywa: Jua limekata intaneti. Niliisikia kauli hiyo kwa watu wa shule kabisa. Haikuwa kweli. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimepata hitilafu baharini huko kusini, na waziri mwenye dhamana wakati huo, Nape Nnauye, alitoa taarifa kuwa tatizo liko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Mwanga unaosafiri ndani ya uzi wa kioo kwenye sakafu ya bahari hauna habari na yanayotokea kilomita 300 juu ya vichwa vyetu.

Ningeliacha lipite kama kosa hilo lingebaki la siku ile. Lakini tangu Oktoba 2024, Wamarekani walipotangaza kuwa Jua limeingia kwenye kilele cha mzunguko wake wa miaka 11, tahadhari za dhoruba zimekuwa kama matangazo ya mnada, na kila inapotoka moja inasambazwa huku kwetu na maelezo yale yale: usiku wa leo GPS haitafaa, kesho yake tutakuwa salama. Naona tumeielewa kinyume. Katika anga la Dodoma na Tanzania ya kati, dhoruba ya Jua siyo chanzo kikuu cha vurugu za usiku kwenye mawimbi ya satelaiti. Vurugu hizo huzaliwa papa hapa, jioni za kawaida, Jua likiwa limetulia tuli. Dhoruba ikija, mara huzichochea, mara huzizima kabisa, na kinachoamua ni ilikuwa saa ngapi hapa kwetu dhoruba hiyo ilipofikia kilele. Kwa hiyo tahadhari isiyotaja saa ya Dodoma haimpi mtu wa Dodoma kitu cha kufanyia kazi.

Tuanze na anga lenyewe. Kuanzia kama kilomita 80 hadi mamia ya kilomita juu kuna tabaka ambalo mionzi ya Jua imepasua atomi zake, elektroni zikabaki zinaelea huru. Ndilo linaloitwa ayonosfia. Mchana lina ghorofa kadhaa. Jua likizama, ghorofa za chini hufifia haraka kwa sababu huko hewa ni nzito na elektroni hukutana upesi na atomi za kurudi nazo. Ghorofa ya juu, iliyo kwenye kilomita 300 hivi, hubaki. Na kabla haijatulia kwa usiku, kwenye eneo la ikweta hutokea jambo la ajabu: kwa muda mfupi baada ya magharibi, nguvu ya umeme ya huko juu huongezeka badala ya kupungua, na ghorofa nzima hunyanyuliwa makumi ya kilomita. Sasa una tabaka zito la elektroni lililokalia juu ya utupu. Aliyewahi kusimamia sufuria ya uji mzito anajua kinachofuata. Chini panafukuta, povu linasukuma, linapenya, linapasuka juu. Mapovu ya anga hufanya vivyo hivyo, isipokuwa upana wake ni makumi ya kilomita, urefu wake mamia, na ndani yake elektroni ni chache mno kuliko nje. Yakishapanda huanza kusafiri kuelekea mashariki kwa kasi ya mita mia moja na ushei kwa sekunde, yakimomonyoka pembeni na kuacha vipande vidogo vidogo. Vipande vya ukubwa wa mita mia chache ndivyo vinavyolitesa wimbi la GPS. Likipita humo hupungua na kuongezeka nguvu mara kwa mara, linamemeta kama nyota inavyomemeta, na kipokezi hulipoteza.

Wanasayansi wamelijua hili tangu 1938, Booker na Wells walipoandika kuhusu miangwi ya redio iliyotawanyika usiku juu ya Huancayo, Peru, karibu na ikweta ya sumaku. Neno la kuzingatia hapo ni sumaku. Ikweta ya ramani inapita Kenya na Uganda. Ikweta ya sumaku inapita Ethiopia, si mbali na Addis Ababa. Dodoma, iliyo nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta ya ramani, iko kama nyuzi 15 kusini mwa ile ya sumaku, na tofauti hiyo ndiyo inayotugharimu. Mchana elektroni hunyanyuliwa juu ya ikweta ya sumaku kama maji ya chemchemi, kisha humwagika pande mbili kufuata mistari ya sumaku, na zinapoangukia, kwenye nyuzi 15 hivi kaskazini na kusini, hujirundika. Sisi tunaishi chini ya rundo la kusini. Hapa ndipo elektroni zilipo nyingi, na kwa hiyo ndipo povu likifika tofauti ya ndani na nje huwa kubwa na wimbi huumia zaidi. Lakini povu halizaliwi hapa juu yetu. Linazaliwa upande wa ikweta ya sumaku, na miguu yake hufuata mistari ya sumaku kuja huku. Ukipiga hesabu ya mistari hiyo, povu linapaswa kupanda karibu kilomita 800 juu ya Ethiopia ndipo miguu yake iguse anga la Dodoma. Likiishia kilomita 400, wa Addis Ababa ataliona na sisi hatutalijua.

Sasa mtu ataelewa kwa nini ule mnyanyuko wa magharibi ndio kila kitu. Ukiwa na nguvu, mapovu yanatufikia. Ukiwa dhaifu, tunalala salama. Nguvu yake hutegemea kwanza msimu: Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba, mstari wa machweo hulingana vizuri na mistari ya sumaku ya upande wetu wa Afrika, na mnyanyuko unakuwa mkali. Pili hutegemea mzunguko wa miaka 11: Jua likichangamka, elektroni ni nyingi na mapovu ni mengi. Hilo la pili ndilo linalowachanganya wengi. Jua kuchangamka kwa miaka siyo sawa na dhoruba ya siku moja. Kilele cha mzunguko ni kama masika, hali ya miezi na miaka. Dhoruba ni kama upepo wa kimbunga ndani ya masika. Mvua zote za masika haziletwi na kimbunga.

Nilishuhudia hili mara moja kwa karibu. Jioni ya Machi, nje ya mji upande wa Ihumwa, nilikuwa nimefuatana na mpima ardhi aliyekuwa anamalizia viwanja. Wapima wengi wa Dodoma hupenda jioni kwa sababu ya jua la mchana. Bezi, kipokezi cha satelaiti kisichosogezwa, ilikuwa imesimikwa kwenye nukta inayojulikana, rova, kipokezi cha kutembea nacho, iko mkononi mwake juu ya fimbo, kiputo cha maji kiko katikati. Kuanzia saa kumi kila bikoni, alama ya mpaka wa kiwanja, ilikuwa inachukua nusu dakika. Ilipofika saa mbili kasoro, tukiwa tumewasha tochi, rova ikaacha kufiksi, yaani kuishika nukta kwa usahihi wa sentimita. Ikasema sentimita mbili, ikaruka hadi sentimita arobaini, ikarudi, ikaruka tena. Satelaiti kumi na tisa zikawa kumi na moja, kisha nane. Mbingu nyeupe kabisa, hakuna wingu, hakuna mti. “Kaka, leo hizi satelaiti zimegoma,” akaniambia, akapiga rova kofi dogo kama redio ya zamani. Nilipofika nyumbani niliangalia fahirisi ya Kp, ile ya kupimia dhoruba za sumaku, ambayo huanzia 0 hadi 9. Jioni hiyo ilikuwa 1.

Dhoruba nayo inafanya nini? Inatushika kwa mikono miwili, mmoja mwepesi na mwingine mzito. Mkono mwepesi: wingu la chembe za Jua linapoigonga Dunia na sumaku ya wingu hilo ikiwa imeelekea kusini, nguvu ya umeme hupenya kutoka kwenye ncha za Dunia hadi ikweta ndani ya dakika chache. Mchana na jioni nguvu hiyo husukuma upande ule ule wa mnyanyuko wetu, kwa hiyo ikifika wakati wa magharibi inauongezea, mapovu yakapanda mno. Ikifika usiku wa manane inageuka na kukandamiza. Mkono mzito huja saa kadhaa baadaye. Hewa ya juu kwenye ncha imepashwa moto na dhoruba, inavuma kuelekea ikweta, na upepo huo hutengeneza umeme wake wenyewe ambao mwelekeo wake ni kinyume: mchana na jioni unakandamiza, baada ya usiku wa manane unanyanyua. Kwa hiyo dhoruba ile ile inaweza kuwasha mapovu nchi moja na kuyazima nchi nyingine usiku huo huo, kwa sababu tu huku ni magharibi na kule ni alfajiri.

Mwaka 1991 mtafiti wa ayonosfia Jules Aarons alilipanga jambo hili kwa namna ambayo hadi leo inatumika kama kipimo cha mkono. Ukitazama saa ya mahali ulipo wakati dhoruba inafika kilele, yaani fahirisi ya Dst, ambayo hushuka kadiri dhoruba inavyokua, ikiwa chini kabisa. Ikiwa ni mchana hadi alasiri, tarajia mapovu kuzimwa jioni hiyo. Ikiwa ni baada ya usiku wa manane hadi alfajiri, tarajia mapovu mapya kuzaliwa usiku huo, saa ambazo kwa kawaida ni tulivu. Ikiwa ni kati ya magharibi na usiku wa manane, dhoruba haibadilishi sana kilichokuwa kitokee. Si sheria isiyovunjika. Dhoruba moja huweza kuwa na vilele viwili vitatu. Ila inaonyesha jinsi swali la “ni kubwa kiasi gani?” linavyokuja nyuma ya swali la “ni saa ngapi?”

Chukua ile ya Mei 2024. Pigo la kwanza lilifika kama saa 2 na dakika chache usiku wa Ijumaa kwa saa zetu, na Dst ilifika chini kabisa, zaidi ya nanotesla 400 (kizio cha nguvu ya sumaku) chini ya sifuri, karibu saa 11 alfajiri ya Jumamosi. Kwa kipimo cha Aarons, saa za kuhofia Dodoma zilikuwa za baada ya usiku wa manane, wakati karibu kila mtu amelala. Na jioni ya Jumamosi, mkono mzito ukiwa umeshafika, ndiyo iliyotarajiwa kuwa na mnyanyuko dhaifu. Yaani mpima aliyesoma “dhoruba ya karne” kwenye simu akaahirisha kazi ya Jumamosi jioni, huenda aliahirisha jioni nzuri kuliko nyingi za mwezi uliotangulia, ambazo hazikuwa na tahadhari yoyote.

Wapo watakaopinga, na hoja yao bora nitaieleza kama ilivyo. Wakati ule ule wa Mei 2024, wakulima wa Marekani waliokuwa kwenye msimu wa kupanda walisimamisha matrekta yanayojiendesha kwa GPS kwa sababu mistari ilikuwa inapotea. Hiyo ilikuwa dhoruba, bila ubishi. Dhoruba kubwa pia huweza kuyapandisha mapovu hadi latitudo ambazo kwa kawaida hayafiki, na kuyaleta saa ambazo hakuna aliyejiandaa. Nakubali yote. Ila mkulima wa Nebraska anaishi chini ya anga ambalo usiku wake wa kawaida ni shwari. Kwake dhoruba ni tukio, na kukosekana kwa dhoruba ni usalama. Sisi kukosekana kwa dhoruba hakutuhakikishii chochote. Jioni ya Machi yenye Kp 1 inaweza kumharibia mpima wa Ihumwa kazi kuliko ile G5 ilivyomharibia. Tukiazima hofu ya Nebraska tunaazima na utulivu wake, na huo utulivu ndio wenye madhara kwetu.

Wa pili hupinga kutoka upande mwingine: mambo haya ni ya watu wa Kanada na Norway wenye taa za rangi angani, sisi wa ikweta hayatuhusu. Hilo limeshajibiwa na rundo la elektroni lililo juu yetu. Na wa tatu, hoja dhaifu kuliko zote lakini yenye miguu mirefu, ni ule ujumbe wa kuzima simu usiku kwa sababu mionzi itapita. Simu yako huongea na mnara, kwa kawaida ulio kilomita chache kutoka ulipo, na mnara huongea na mwenzake kwa faiba au kwa mawimbi yanayosafiri karibu na ardhi. Kwa kawaida hakuna hatua hata moja inayopita ayonosfia. Dishi la televisheni linapita humo, lakini kwa masafa ya juu sana ambayo mapovu hayayasumbui. Linaloliangusha ni mvua, kama kila mwenye dishi alivyoona Januari. Na mlipuko wa mwanga kutoka kwenye Jua, unaozima redio za masafa mafupi, unagusa upande wa mchana tu. Usiku tuna Dunia nzima katikati kama ngao. Anayebaki hatarini ni mwenye kipokezi cha satelaiti kinachohitaji usahihi: mpima, rubani, mwenye droni ya kupulizia dawa, mwenye simu ya satelaiti porini.

Kasoro nyingine iko kwenye kipimo chenyewe. Kp ilianzishwa na Julius Bartels mwaka 1949, na hadi leo inakokotolewa Potsdam, Ujerumani, kutoka vituo 13 vilivyo kwenye latitudo za kati, karibu vyote kaskazini ya Dunia. Hakuna hata kimoja kilicho kwenye ukanda wetu. Pia ni wastani wa saa tatu, na mapovu yetu huamuliwa ndani ya saa moja ya magharibi. Dst ni nafuu kidogo, maana moja ya vituo vyake vinne ni Hermanus, Afrika Kusini, lakini nayo hupima mkondo wa umeme unaoizunguka Dunia, haipimi mnyanyuko wa anga la Ethiopia. Kumtazamia mtu wa Dodoma mapovu kwa Kp ni kama kutabiri mvua ya Kongwa kwa kutazama mawingu ya Hamburg.

Kwa nini hili linatuhusu sasa? Dodoma inapimwa kuliko wakati wowote. Tangu serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia hapa kwa dhati, na mji ukawa jiji Aprili 2018, viwanja vimekatwa Mtumba, Nala, Iyumbu na kwingineko hadi mtu unapotea mtaani kwako. Bikoni nyingi za mpaka sasa huwekwa kwa rova. Makosa ya mapovu hayapigi kelele: rova ikipoteza fiksi na kuipata upya vibaya, inakuandikia namba safi yenye kosa, na ugomvi wa majirani unazaliwa miaka sita baadaye kwenye baraza la kata. Kununua kipokezi cha masafa mawili hakumalizi tatizo. Masafa mawili yanaondoa ucheleweshaji wa kawaida wa ayonosfia, ambao kwa GPS ni sentimita 16 kwa kila kizio cha wingi wa elektroni ambazo wimbi linapitia, na mchana hapa vizio hivyo hufika makumi mengi. Lakini wimbi likishamemeta hadi kupotea, hakuna masafa ya pili ya kusahihishia, maana yote yanapita ndani ya povu moja. Dawa ya bei rahisi ni saa. Misimu ya Machi–Aprili na Septemba–Oktoba, katika miaka hii Jua likiwa bado limechangamka, kazi ya sentimita ifungwe saa 1 jioni, na iliyobaki ingoje asubuhi. Nafahamu mpima hulipwa kwa kiwanja, si kwa saa, na anayemwambia afunge mapema anagusa mfuko wake. Hilo ni la kumaliza kwenye mkataba, na kwa maoni yangu mteja ndiye anayepaswa kulibeba.

Kuna pia uwanja wa ndege wa Msalato. Usafiri wa anga tayari una utaratibu: tangu Novemba 2019 Shirika la Usafiri wa Anga la Kimataifa linatoa, kupitia vituo lilivyoviteua, tahadhari za hali ya anga ya juu kwa marubani duniani kote, na kituo cha Afrika Kusini kinahudumia bara letu. Utaratibu huo una nafasi ya kutaja kumemeta kwa mawimbi mahali na saa, tofauti na ile namba moja ya G inayozunguka kwenye simu zetu. Mtu wa kawaida naye anastahili tahadhari ya namna hiyo, kwa Kiswahili, yenye mistari miwili: mnyanyuko wa leo magharibi unatarajiwa kuwa mkali au dhaifu, na saa za kujihadhari ni hizi. Vipokezi vipo nchini, na watafiti wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dodoma wamekuwa wakichapisha matokeo ya data za GPS za ukanda huu kwa miaka. Kinachokosekana ni vipokezi vingi zaidi, na hapo wapima wenyewe wangesaidia, kwa sababu rova nyingi huweza kuhifadhi mafaili yanayoonyesha kila satelaiti iliyopotea na sekunde iliyopotea.

Nilimuuliza yule wa Ihumwa kama anayatunza. Akasema kumbukumbu ya kifaa ikijaa hufuta mafaili ya jioni kwanza, maana ndiyo mabovu.